Kovu Lililohama Shavu

Kaka yangu hakupenda kupigwa picha. Hakuwa mwoga. Alikuwa na jeuri tu, jeuri ya mtu aliyeanza kuamrisha ng'ombe kabla hajaanza kuvaa viatu. "Uso wangu si tangazo," alikuwa akisema, na hapo mjadala umekwisha.

Nilipopata kamera yangu ya kwanza, ya mtumba, nilishuka nayo nyumbani kule bondeni Momba, upande wa Ndalambo, ambako wazazi wetu walihamia na mifugo kutoka Usukumani kabla sisi hatujazaliwa. Wakati huo nilikuwa najifunza kazi kwenye studio ya mtu pale Tunduma, na nilitaka wa nyumbani waone kwamba sikuwa nazurura tu mjini. Nikampiga mama akikoroga uji. Nikampiga baba, Mungu amrehemu, amekaza uso utadhani anasomewa hukumu. Nikapiga mpaka mbuzi. Kaka akaninyima.

Asubuhi moja nikamfuata lamboni, alikokuwa amepeleka ng'ombe kunywa. Nilimkuta amechuchumaa ukingoni, dume letu jekundu limesimama nyuma yake, limeshashiba maji, linatafuna tu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili, mahali lambo lilipokuwa jembamba. Upepo ulikuwa bado haujaamka. Nikainua kamera, naye akaniona.

"We mtoto, nimesema nini?"

"Sikupigi wewe."

"Unapiga nini?"

"Maji."

Akacheka. Kaka yangu akicheka alikuwa anaonyesha meno yote, hata ya nyuma. "Haya, maji ruksa," akasema. "Maji hayana mwenyewe."

Basi nikainamisha kamera nikampigia humo majini. Ni kazi, msione hivi. Kamera ina ubishi wake: inakimbilia vumbi na majani yanayoelea juu, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Ukiisukuma kidogo, inaenda kushika tope la chini. Uso unaoutafuta uko mbali kuliko vyote viwili, maana ni safari ya kutoka kwako hadi majini na kutoka majini hadi kwa mwenye uso, na ni lazima uizungushe lenzi kwa mkono mpaka kamera ikubali. Nilibahatisha. Ilitoka picha moja nzuri, naye hakuniruhusu kupiga ya pili.

Niliisafisha kwa ukubwa wa kuweka ukutani. Mama alipoipokea, jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza juu chini. Kwenye maji kaka alikuwa kichwa chini, na mama hakuona sababu ya mwanawe kuning'inia kama popo. Fundi akaitia kwenye fremu hivyo hivyo, kichwa juu. Ilipendeza mno. Ukiitazama ukiwa mlangoni ungeapa ni picha ya kawaida ya kijana aliyechuchumaa, na ng'ombe nyuma yake, ila kuna mtetemo kidogo mabegani, kama wa mtu aliye upande wa pili wa moto. Kovu lake lilionekana vizuri, lile refu lililotoka chini ya jicho mpaka karibu na taya. Alilipata kwenye miiba ya zizi akiwa bado ananyonya.

Baba alipofariki, bonde nalo likabadilika. Mashamba yakaongezeka, malisho yakabana, na kaka hakuwa mtu wa kubanwa. Akachukua sehemu ya ng'ombe akavuka nao Zambia. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila akipata mtandao. Baadaye akawa anapiga mara moja moja, halafu namba ikawa haipatikani. Mama alikuwa anaijaribu kila Jumapili baada ya ibada, akiwa bado na nguo za kanisani, akimsikiliza yule mwanamke wa kwenye simu mpaka amalize sentensi yake, kama kwamba safari hii atasema jambo jingine.

Mimi nikabaki Tunduma. Nikafungua studio yangu, chumba kimoja chenye kitambaa cha bluu ukutani na stuli, na nyumba nikapanga Chapwa. Mpaka umenilisha. Kutwa nzima nawatengenezea watu sura ya kuvukia: kaa wima, usicheke, toa kofia, masikio yaonekane. Wanatoka wote wamefanana, wana hasira kidogo na macho makavu. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja mwenye makaratasi ya huku na mwingine ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nawapiga kwenye stuli ile ile na sioni tofauti yoyote isipokuwa ya mashati.

Mvua ikinyesha nafunga studio nakwenda kupiga madimbwi. Yako mengi pale malori yanapopanga foleni, mengine yana mafuta juu yanayong'aa rangi zote. Watu wanainama kuyaruka, na dimbwi linawakamata kabla hawajajiandaa. Wenzangu wananicheka. Kuna mbadilisha fedha mmoja ananiita Mama Madimbwi, nami namwambia anyamaze au nitampiga na yeye akiwa anahesabu. Lakini ukweli ni kwamba sura za madimbwini nilikuwa naziamini kuliko za kwenye stuli. Sisi Tunduma tunaitwa Wasukuma. Tulipokwenda Usukumani kumzika bibi, tukaitwa watu wa Mbeya kwa jinsi tunavyotamka. Tukivuka tu geti, ni Watanzania, basi. Sijawahi kuona picha ya pasipoti iliyonitosha, hata hiyo yangu mwenyewe niliyojipiga. Kwenye maji angalau kila kitu kinatikisika, na hakuna anayekuambia utulie.

Kuna mama mmoja anayeuza vitenge Nakonde, mteja wangu wa siku nyingi. Asubuhi moja aliingia studio bila kuangalia kioo, na yeye kabla ya kusema shikamoo huangalia kioo. "Dada, kaa kwanza," akaniambia. Nikakaa kwenye stuli ya wateja.

Kwenye mji mmoja ulio mbele ya Nakonde, kando ya barabara ya malori, mchungaji wa ng'ombe alikuwa amegongwa na gari. Hakuwa na karatasi yoyote mfukoni. Alikuwa mrefu, mtu wa makamo, na wenyeji walimjua tu kama Msukuma kutoka Tanzania. Hospitali ilikuwa inatafuta ndugu. Wasipopatikana, atazikwa huko huko. Akanionyesha picha aliyotumiwa kwenye simu. Uso ulikuwa umevimba, macho yamefumba, kichwa kimelala upande. Shavu la kulia lilikuwa juu, na kwenye shavu hilo kulikuwa na kovu refu kutoka chini ya jicho mpaka karibu na taya.

Sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia kaka kwa kutokupiga simu, nikamkasirikia yule mama kwa kuniletea habari hiyo asubuhi asubuhi. Kisha nikampigia baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye naye anaishi hapa hapa mjini, akavuka siku hiyo hiyo akiongozana na muuza vitenge. Mama nikamwita kutoka bondeni. Nilimwambia kwenye simu naumwa, lakini alipofika Chapwa kesho yake na kukuta wanawake wameshakaa kwenye mikeka, hakuuliza nani. Alikuwa amebeba ile fremu, ameifunga kwenye kanga. Mpaka leo hajaniambia alijuaje.

Alipoonyeshwa picha ya kwenye simu, aliitazama mara moja tu. "Kovu lake hilo," akasema, akakaa chini.

Turubai likafungwa. Majirani wa Kinamwanga na wa Kinyiha wakaleta unga, kuku, kuni. Mchana baba mdogo akapiga kwa simu ya huko, sauti inakatika katika. Amemwona. Amefanana, lakini amevimba sana. Kovu lipo. Wanataka ndugu akubali kwa maandishi ndipo watoe mwili, naye ameomba kidogo avute pumzi kabla ya kukubali. "Nadhani ndiye, mwanangu," akasema. "Kovu lipo."

Wazee wakaniambia nikaandae picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza. Hiyo ni kazi ninayoifanya kwa misiba ya watu kila wiki, na hakuna aliyefikiri mara mbili, hata mimi. Nikachukua fremu, nikapanda bodaboda mpaka studio, nikafunga mlango kwa ndani.

Niliondoa misumari kwa bisibisi. Picha ilikuwa imeng'ang'ania kidogo kioo, nikaibandua taratibu. Na hapo, kwenye ukingo wa chini, sehemu iliyokuwa imefichwa na ubao wa fremu miaka yote, nikaona vidole vya miguu vya kaka yangu. Vya ukweli, si vya majini. Vilikuwa vimeelekea juu chini, vimegusana na vile vya majini, kidole kwa kidole, vumbi la lambo likiwa bado kwenye kucha.

Nilikuwa nimesahau. Ninavyosema nilikuwa nimesahau, sisemi kwa utani. Nilikuwa najua kwamba ile picha niliipiga majini, ningekusimulia siku yoyote, lakini jicho langu lilikuwa limeshaacha kujua. Tulikuwa tumeiangalia ikiwa imenyooka mpaka ikawa ndiyo yeye.

Nikaiweka kwenye skana, nikaikuza kwenye kompyuta. Sikwenda moja kwa moja usoni, niliogopa. Nikaenda kwa dume jekundu. Baba yetu alikuwa na utaratibu wake: kila ndama wetu alikatwa alama ndogo ya pembetatu kwenye sikio la kushoto, ili wakichanganyika na wa watu malishoni asitokee mtu wa kubishana naye. La kushoto, siku zote. Nilishika vichwa vya ndama mwenyewe wakati anakata, damu ikinirukia kwenye gauni. Na dume la kwenye picha lilikuwa limekatwa sikio la kulia.

Nikakaa nikaliangalia sikio hilo. Nikageuza picha kwa kompyuta, kama ninavyogeuza za wateja kitambulisho kikisomeka kinyume. Alama ikarudi kwenye sikio la kushoto, mahali baba alipoikata. Na kovu la kaka nalo likahama, likaenda shavu la kushoto.

Nikatoka bila kufunga komeo. Nikapanda bodaboda kurudi Chapwa bila kuuliza bei.

Niliposema kovu la kaka liko kushoto, mama alikataa. Alikataa mbele ya watu, kwa sauti. "Mimi nimemzaa, nimemwogesha, nimempaka mafuta. Wewe unanifundisha shavu la mwanangu kwa sikio la ng'ombe?"

"Mayu, ile ni picha ya maji. Maji yanageuza."

"Maji hayajawahi kunidanganya."

"Lilikuwa kulia?"

"Kulia."

"Unakumbuka uso wake, au unakumbuka picha?"

Hilo lilimuudhi, nikajua kwa jinsi alivyovuta kanga yake. Wanawake wakaanza kunitazama kwa huruma, kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Mmoja akanishika mkono anipeleke ndani nikapumzike. Nami nilikuwa naanza kujitilia shaka. Nilizaliwa baada ya kaka, sikuliona kovu likiwa bichi. Na baba mdogo kule ng'ambo angeweza kukubali wakati wowote. Hicho ndicho kilichonitia hofu kuliko yote: tukishamzika huyu, nani atamtafuta tena kaka yangu? Mama asingepiga tena ile namba Jumapili. Kaka angekuwa amekwisha zikwa, akiwa hai.

Nikapiga magoti kwenye mkeka. "Mayu, sahau picha. Nieleze siku alipochomwa."

Hakutaka. Halafu akataka, maana ni mama, na mtoto akisimuliwa anakuwa kama yupo. Alisimulia miiba ya zizi, kelele, damu kwenye kanga yake mpya. Alisimulia kwamba mtoto alikataa kunyonya. "Si kukataa kabisa," akasema. "Alikuwa ananyonya ziwa moja. Nikimweka huku analia, nikimgeuzia huku ananyonya. Hili lingine likajaa mpaka nikapata homa. Bibi yako alinikanda kwa maji ya moto."

"Lipi lilijaa?"

Akaweka mkono kifuani bila kufikiri. Mkono ulikwenda ziwa la kulia.

Nilinyanyua kanga aliyokuwa amefungia fremu, nikaikunja mara nyingi mpaka ikawa kitita chenye ukubwa wa mtoto, nikampa. Mama alikipokea akakiweka mkononi, kwanza kushoto, akakitikisa kidogo. Kisha akakihamishia kulia. Kichwa cha yule mtoto wa kanga kikalala kwenye kiwiko chake cha kulia. Akakitazama. Akapitisha kiganja kati ya kiwiko na kanga, pale shavu la mtoto linapolalia, akakiacha hapo.

"Shavu hili ndilo lililokuwa chini," akasema polepole. "Hili ndilo lililokuwa linamuuma."

Akajigusa uso wake mwenyewe ili apate hakika. Mkono ulisimama shavu la kushoto.

"Mpigie baba yako mdogo," akasema. "Haraka."

Simu iliita bila kupokelewa, nikapiga tena, nikapiga tena. Alipopokea alikuwa tayari yuko kwenye chumba cha kuandikishia.

"Baba, nenda ukamwangalie shavu la kushoto."

"Mwanangu, mimi ni mzee, sijawa kipofu. Kovu nimeliona."

"Umeliona la kulia. Kaangalie la kushoto."

Mama akaninyang'anya simu. "Shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya msibani, ilikuwa ile ya kuita watu waje kula. "Mwanangu ana kovu kushoto. Nenda."

Tukasikia hatua, mlango, mtu akiongea Kibemba kwa upole. Hata wale waliokuwa wanakatakata mboga waliacha visu.

"Shavu la kushoto ni zima," baba mdogo akasema. "Ni laini kabisa. Halina kitu."

"Basi siyo yeye," mama akasema. "Mfunike vizuri, mwombee, urudi nyumbani."

Nikakaa pale pale kwenye jivu la kuni. Mtu akaanza kupiga vigelegele, akakumbuka yuko msibani, akanyamaza, kisha akaona hakuna msiba, akapiga tena. Mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akijifuta kwa mtoto wa kanga. Swali lililofuata lilikuwa la chakula. Kuku walikuwa wameshachinjwa, ugali uko jikoni, na hakuna aliyejua taratibu za kuanua msiba wa mtu ambaye hajafa. Mzee mmoja akaamua kwamba chakula hakina kosa. Tukala. Sijawahi kula kama siku ile, tena nikaongeza.

Baadaye mama akaikunjua ile kanga. "Yule naye ana mama," akasema. Muuza vitenge alipovuka tena alikwenda nayo, yule marehemu akafunikwa kwayo. Na siku chache mbele tukasikia ndugu zake wamepatikana, watu wa bonde kama sisi, wa upande mwingine. Mama alikwenda kukaa nao msibani siku nzima, akarudi amechoka.

Kaka hajapiga simu bado. Nasema bado, jambo ambalo sikuliweza zamani. Mama kaendelea na namba yake ya Jumapili. Mimi siku hizi mteja akikaa kwenye stuli namtazama kidogo zaidi kabla ya kubonyeza, namuuliza nywele anachania upande gani. Wananiona msumbufu.

Niliirudisha picha kwenye fremu nikiwa nataka kuigeuza kwa kompyuta, niisafishe upya, kovu likae linapostahili. Mama alikataa. Alitaka ile ile, ila fundi akate ubao vidole vya miguu vionekane, na itundikwe kama nilivyoipiga. Sasa iko ukutani kule bondeni, lambo liko chini kama malambo yote, na kaka yangu yuko humo kichwa chini, meno yote nje. Kila mgeni akiingia anasimama, anainamisha shingo, anasema: mama, picha umeipindua.

"Haijapinduka," mama anamjibu, huku anamsogezea kiti. "Hayo ni maji. Mwenyewe akirudi ataigeuza."